Zimwi na Kibao cha Mbuzi

Mpo? Semeni tupo! Haya, sogeeni.

Baada ya vita, zimwi moja liliteka kijiji cha wakwezi wa minazi, likaweka askari na amri. Hakuna kukwea mnazi bila kibali. Hakuna watu watatu kukaa pamoja bila kibali. Hakuna kutoka kijijini bila kibali. Na kibali chenyewe, jamani, hakikutolewa!

Siku moja likaingia kwa Bi Mwanashaha bila hodi, likaona kibao chake cha mbuzi, cha kukunia nazi.

"Usikikalie, bwana," akasema. "Kina mwiko. Akikaliaye hainuki mpaka nazi zote ziishe."

Zimwi likacheka, likakaa. Likajaribu kuinuka. Wapi! Likajaribu tena. Wapi! Mara ya tatu likapiga kelele, "Leteni nazi!"

"Nazi ziko juu, bwana. Kukwea kunataka kibali."

"Kweeni!"

"Mmoja akwee, mmoja aokote, mmoja azifue maganda. Hao ni watatu."

"Kaeni hata mia!"

Wakaangua nazi za minazi yote. Zimwi likakuna, jasho likalitiririka. Askari walipoona mkubwa wao anakuna nazi, wakaona aibu, wakatokomea. Kijiji kikala wali wa nazi, kikashiba, kikaimba.

Nazi ya mwisho ilipoisha, zimwi likainuka hoi. "Mama, niruhusu niende kwetu."

Bi Mwanashaha akajifuta mdomo. "Kutoka kijijini? Una kibali?"

Zimwi likafikiri, likarudi kibaoni, likakaa lenyewe.