Chumba cha Nyuma

Masika ya mwaka 1996, nyumba ya Leonardi kule Buzebazeba iliingiwa na hofu. Mama yake mzazi alikwenda kulala chumba cha nyuma akiwa mzima wa afya, akatolewa maiti bila jeraha. Wiki tatu baadaye binti wa Leonardi, Frida, alianza kulalamika kuwa kila akijilaza humo kichwa humgonga na bibi humwita kwa jina. Majirani wakaacha kupita uani. Walinong'ona kuwa marehemu anamtaka mjukuu wake.

Alasiri moja ya mvua, mtu alibisha hodi. Nusu ya uso wake ilikuwa kovu tupu. Alisema anaitwa Nyabenda, amekimbia vita Burundi, anaomba kujisitiri.

"Huyu ni mauti yenyewe," Leonardi alimnong'oneza mkewe, Rozalia. "Mwambie aende."

"Baba Frida, mtu hafukuzwi mvuani," Rozalia alijibu, akamsogezea mgeni kigoda.

Mgeni hakuketi. Alivuta pumzi, akasikia harufu ya makaa, akautazama mlango wa nyuma. "Nani yumo humo?" Kabla hajajibiwa, aliusukuma. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa magunia kuzuia mvua, na chini ya kichanja cha dagaa waliokosa jua, jiko la makaa liliwaka. Frida alilala kando, mlegevu kama mgomba uliokatwa. Mgeni akamburura hadi uani.

Leonardi alishika panga. "Mwachie mwanangu."

"Nikate, Mzee, lakini usimrudishe ndani," Nyabenda alisema bila kuinua macho. "Apate hewa kwanza."

Panga lilibaki juu. Frida alikohoa, akatapika, kisha akamwita mama yake.

Frida alipotulia, Nyabenda alieleza yaliyompata vitani. Walijificha saba ghalani, wakaziba kila upenyo ili wauaji wasione mwanga wa makaa. "Mke wangu alisema kichwa kinamuuma, kisha akasema anamwona marehemu mama yake. Nilidhani ni woga. Mimi niliangukia jiko, moto ukaniamsha. Wenzangu hawakuamka; hewa ya makaa iliwaua."

Ni Leonardi aliyeliingiza jiko chumbani mwa mama yake, na ni yeye aliyeziba dirisha. Aliinuka, akayang'oa magunia yote, akalia huko huko peke yake.

Frida aliishi, kwa kuwa mlango ulifunguliwa kwa mtu ambaye baba yake alitaka kumfukuza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.