Mtani Aliyelala Kaburini

Wenzangu, mpo?
Tupo!
Nilete uongo wangu?
Ulete!
Na ukiuma?
Tutaupuliza!

Basi, mwaka wa njaa Kobe aligawa mtama wake wote. Akaja Kanga, akampa. Akaja Digidigi, akampa. Kibaba cha mwisho akampa rafiki yake Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba, akamwambia, "Kula, ndugu yangu. Mimi nina gamba, njaa haitaniona."

Njaa ikamwona. Kobe akalala chini, hata shingo hawezi kuinua. Ghala lenye mtama lilibaki moja tu, la Fisi, na Fisi alilala mlangoni pake. Kalunguyeye alikwenda kuomba, akafukuzwa. Akarudi analia.

Halafu akakumbuka jambo. Fisi alikuwa mtani wa ukoo wa kina Kobe. Na desturi yao, mtu akifa, mtani wake huingia kaburini kabla ya maiti, akalala humo, akawatania wafiwa, wala hatoki mpaka apewe chochote. Wengine hupewa kuku mmoja wakatoka wanacheka. Lakini Fisi si wengine.

"Ndugu yangu," Kalunguyeye akamnong'oneza Kobe, "jifanye umekufa. Ingiza kichwa, ingiza miguu, tulia. Fisi akiingia kaburini, sisi tunaingia ghalani."

"Nitatulia," Kobe akasema. "Ila usichelewe."

Kalunguyeye akawaita Kanga na Digidigi, wakachimba kaburi, puku puku puku. Wakapiga ngoma ya msiba, ndi ndi ndi. Fisi huyo, mbio, akajitupa kaburini, pu!

"Sitoki," akasema. "Nipeni mtama."

Kalunguyeye akakimbia mpaka ghalani kwa Fisi, akarudi na kibuyu kimoja. Wenzake wakabaki kule wanabeba magunia.

"Pokea, mtani."

Fisi akatafuna, kwacha kwacha. "Mtamu kama wangu. Bado, sitoki."

Akaletewa kibuyu cha pili. "Bado, sitoki."

Akaletewa cha tatu. "Bado, sitoki."

Kila Fisi aliposema bado, Kalunguyeye alifurahi moyoni, maana ghala lilizidi kupungua. Jua likapanda, likaanza kushuka. Kobe alikuwa pale pale pembeni, ndani ya sanda, ametulia kama alivyoahidi. Mara mbili Kalunguyeye alitamani kumpelekea uji, akajizuia. Maiti hanywi uji mbele ya mtani wake.

Ghala likaisha. Fisi akatoka, tumbo mbele, akaenda kwake. Kilio alichokipiga huko kilisikika kijiji kizima, na wenzetu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kalunguyeye akakoroga uji, akafunua sanda, akagonga gamba, ko ko ko. "Toka, ndugu yangu. Tumemweza."

Kimya.

Ko ko ko. "Fisi ameshaondoka. Toka unywe."

Akagonga mpaka uji ukapoa. Akajua ni yeye aliyechelewa, na moyo wake ukavunjika. Kaburi lilikuwa tayari. Wakamzika Kobe, na wazishi wote walikuwa wameshiba.

Fundisho ni hili, watoto wazuri: gawa chakula chako, utaishi miaka mingi kuliko mchoyo. Mchoyo mwenyewe yupo mpaka leo, namsikia akicheka vichakani.

Uongo wangu nautua hapa. Mlisema mtaupuliza. Haya, pulizeni.