Bomba Lililobembea

Kitu kinachoning'inia hakisimami kwa kuamrishwa. Kikishasukumwa, huenda na kurudi, na kila safari hewa na mnyororo hukipunguzia nguvu kidogo, hadi kitulie chenyewe. Anayetaka kukituliza upesi hana budi kukivuta kinapomkimbia na kukilegezea kinapomjia. Akikivuta kinapomjia, anakiongezea kasi kwa mkono wake mwenyewe. Katika kiwanda cha mabomba ya zege, hakuna waliolijua hilo vizuri kuliko watu wawili, mwendesha winchi na shemeji yake.

Mwendesha winchi aliitwa Mwewe kwa sababu alishinda juu, ndani ya kibanda cha chuma kilichotembea kwenye reli chini ya paa. Shemeji yake aliitwa Fundo. Yeye alifunga minyororo kwenye mabomba, kisha akashika kamba iliyofungwa kwenye ncha ya mzigo na kuuongoza mpaka ushushwe. Mzigo ukiyumba, Mwewe aliifuatisha winchi kule ulikoelekea mpaka awe juu yake, naye Fundo aliiegemea kamba kwa kisigino. Hawakusemezana. Walikuwa kama mikono miwili ya mtu mmoja, na bomba zito kama ng'ombe wawili lilitulia kama maji mtungini.

Aliyewaunganisha ni mwanamke mmoja, mke wa Mwewe na dada wa Fundo. Naye alifanya kazi hapo hapo, akiyamwagia mabomba mapya maji ili zege lisipasuke. Hakuwa na ndugu mwingine. Mama yao alipofariki, ndiye aliyembeba Fundo mgongoni, akamlea mpaka akaota ndevu.

Mashemeji hao walitaniana tangu asubuhi.

"Shemeji, shuka ule! Au mwewe anakula vifaranga tu?"

"Kifaranga ni wewe. Kaa chonjo nisije nikakunyakua!"

Wenzao walicheka hadi wakashika mbavu. Jioni utani ulihamia nyumbani, walikoishi wote watatu, na ulipoanza kuchoma, dada aliuzima. Hakumkemea yeyote. Alimtuma mmoja maji, akamwuliza mwingine habari ya kiatu kilichotoboka, na neno lililokuwa likirudi kwa kasi likakosa wa kulipokea. Likafia mezani.

Siku zilivyokwenda, utani wa maneno haukuwatosha. Mwewe alizoea kuishtua winchi kidogo ili bomba limwendee Fundo, apate kumwona akiruka. Fundo naye, kwa kulipiza, alilivuta bomba lilipokuwa likija, ili Mwewe atoke jasho kulituliza. Msimamizi aliwafokea, "Nyie, hapa si kwenye bembea!" Wakaomba radhi huku wakibana vicheko.

"Mume wangu, mchezo huo uacheni," dada alimwambia Mwewe.

"Tunacheza tu. Mwenyewe anafurahi, huoni?"

Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe, mwache shemeji yako."

"Dada, nikinyamaza ataniona bwege."

Basi hakuna aliyekubali kuwa wa mwisho kupokea.

Asubuhi moja, wakati wa chai, Mwewe alichungulia dirishani kwake na kupaza sauti. "Jamani, mtazameni yule! Ndevu hadi kifuani, bado anakula kwa dada yake!"

Kiwanda kizima kiliangua kicheko. Fundo aliona aibu, na ulimi ukamtangulia. "Bora mimi niliyelelewa nikawa mtu. Wewe, shemeji, tangu umeoa umelea nini?"

Kicheko kilikatika kama kamba. Wote walijua kuwa nyumba ile ilikuwa imengoja mtoto miaka mingi. Jiwe la neno hilo lilirushwa juu kwa Mwewe, lakini lilimpata aliyekuwa chini na mpira wa maji mkononi. Siku hiyo dada hakuwa na neno la kuzima neno. Aliuacha mpira umwage maji sakafuni, akaenda nyuma ya mabomba kujifuta machozi.

Fundo alikuna kichwa. "Shemeji, yamenitoka tu. Nisamehe," alisema. Lakini alisema kwa sauti ndogo, na mashine ilikuwa imekwisha kuwashwa.

Mwewe aliinua bomba. Akaishtua winchi kama kawaida yake, ila safari hii mkono wake ulikuwa na uchungu. Bomba likaenda, likarudi. Fundo alipoona anachezewa mchezo wa kila siku, moyo wake ulitulia. Aliona amesamehewa. Akacheka kwa furaha, naye akalivuta lilipomjia. Kutoka juu, Mwewe aliona meno tu. Alidhani anadhihakiwa. Akaishtua tena, kwa nguvu zaidi.

Bomba likapaa hadi wote wawili wakaogopa kwa pamoja. Mwewe aliifuatisha winchi ili alitulize, lakini alichelewa. Alipofika kule, bomba lilikuwa limekwisha kugeuka, na haraka yake ikalisukuma badala ya kulizuia. Fundo aliitupa kamba, akarudi nyuma. Nyuma palikuwa na rundo la mabomba.

"Lala chini! Fundo, lala!" Mwewe alipiga kelele.

Dada, kule alikokuwa, alisikia kishindo kimoja, wala hakikuwa kikubwa. Alipofika mbio, bomba lilikuwa bado likienda na kurudi juu ya kichwa cha mdogo wake, polepole, kila safari likipungua. Alilia akiwa amempakata, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Wakaguzi walikuja. Walisema winchi ni nzima, na mnyororo pia.

Waombolezaji walipotawanyika, mume na mke walibaki sebuleni na mkeka wa Fundo uliokunjwa.

"Nilikuwa namtania," Mwewe alisema. "Hata yeye alicheka. Nilimwona."

"Wenzake waliokuwa karibu wameniambia. Alikuomba radhi, hukumsikia. Bomba lilipoyumba alidhani umemsamehe. Ndiyo maana alicheka."

Mkewe hakumfukuza, wala hakumkemea. Aliinuka akafunga dirisha.

Waliendelea kuishi pamoja. Mwewe hakupanda tena winchi, alipewa ufagio. Majirani waliopita mlangoni waliwasikia wakisemezana habari ya chumvi, ya mlango, ya mvua, na si zaidi. Utani ulioanza kwa kifaranga na mwewe ulikuwa umeiondolea nyumba ile pumzi yake, na waliohusika hawakuwa maadui, walipendana. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.