Kwa Nini Uzi wa Nne wa Biwa Hutetemeka

Zamani hizo, ndugu zangu, huko Ujapani, uzi wa nne wa biwa ulilia kwa sauti iliyonyooka kama wenzake watatu. Biwa ni ala ya muziki, tumbo lake kama nusu ya parachichi, na hakuna aliyeipiga kumshinda Sayo. Lakini vidole vya Sayo vilikuwa vimeanza kukakamaa, na mpiga biwa asiye na vidole ana nini tena?

Basi akaitundika biwa yake begani, akavuka daraja la bwawa hadi kwenye ukumbi mdogo wa Benten, mungu wa kike wa sanaa. Mtawa aliyeutunza, Bi Myoren, akamwonya: "Omba, binti yangu, lakini usiguse kitu."

"Ndiyo, mama," Sayo akaitikia, akaingia.

Ndani mlikuwa na giza na baridi. Sanamu ya Benten ilipakata biwa yake. Sayo alipoinama kuomba, upepo ukapita kwenye nyuzi za biwa ya sanamu. Tatu zililia vizuri. Wa nne ulilia vibaya, umelegea. Mtu mwingine asingesikia. Sayo alisikia, na masikio yake hayakuwa na adabu hata kidogo. Kabla hajajua anafanya nini, mkono ulishafika, ukakaza kigingi cha uzi huo.

Uzi ukafumbua macho.

Kumbe alikuwa nyoka mweupe, mtumishi wa Benten, aliyelala pale akiyazuia maji ya bwawa. Akajizungusha vidoleni mwa Sayo, akabana. Maji yakapanda, yakavuka kizingiti, yakamfikia magotini. Sayo aliogopa, akataka kuuvuta mkono.

"Usivute mkono!" Bi Myoren alipiga kelele kutoka darajani. "Umemkaza, sasa legeza wako! Legeza uzi wako!"

Kwa mkono uliobaki, Sayo akaulegeza uzi wa nne wa biwa yake mwenyewe, taratibu, huku maji yakimfikia kifuani. Uzi ulipolegea, nyoka naye akalegea, na maji yakarudi bwawani.

Vidole alivyovibana nyoka vilipona, vikawa vyepesi kama vya mtoto. Lakini kila vilipogusa uzi wa nne vilitetemeka, na Sayo hakuweza kuvizuia maisha yake yote.

Na tangu siku hiyo, mpiga biwa hulegeza uzi mmoja kabla ya kuingia ukumbi ule. Nao wanafunzi wa Sayo, na wanafunzi wao, huutetemesha uzi wa nne kama alivyowafunza. Wasikilizaji hufumba macho, husema, "Lo, utamu ulioje!"

Si utamu. Ni Sayo, bado anaogopa.