Hashuki na Tangi la Ghorofa ya Kumi na Mbili

Kawia ufike. Ni maneno mawili tu, lakini ni wangapi wameyasikia yakaingia sikio hili na kutokea lile? Maana yake ni kwamba anayechukua muda wake akafika ni bora kuliko anayekimbia akaishia njiani. Wahenga waliosema hivyo hawakuwahi kuona kreni, wala hakuna aliyewatoa damu ya kupima. Hata hivyo walimjua Hashuki kuliko alivyojijua mwenyewe, na mkinipa masikio nitawaonyesha.

Hashuki si jina alilopewa na wazazi wake. Alipachikwa na vibarua wa jengo moja la ghorofa kumi na mbili, ambako yeye ndiye aliyekuwa dereva wa kreni. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi alipanda ngazi ya chuma, vidato mia mbili na kumi, akajifungia ndani ya kibanda cha vioo kinacholingana na kabati la nguo, na hakuonekana chini tena mpaka saa kumi alasiri. Wenzake walipumzika, wakanywa maji, wakataniana kivulini. Yeye alikuwa juu, jua likimchoma kupitia vioo, akinyanyua nondo na matofali bila kupumua.

Sababu yake ilikuwa moja. Kushuka na kupanda kulikula nusu saa nzima, na choo chenyewe kilikuwa nyuma ya ghala, mwisho kabisa wa uwanja. Basi bibi huyu akajitungia dawa: asiyekunywa hakojoi. Tangu alfajiri hadi alasiri halikupita kooni mwake hata funda moja la maji.

"Yule si mtu, ni chuma," nyapara alipenda kuwaambia wageni, akimwonyesha kwa kidole.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu aliposifiwa, maji yenyewe aliyakimbia. Kichwa kilimvimba kwa sifa, na mchana kikamuuma kwa kiu, naye hakutofautisha uvimbe huu na maumivu yale. Mgongo nao ulipoanza kumsumbua, alinunua vidonge vya maumivu kwenye duka lililo karibu na lango, akameza viwili asubuhi na viwili mchana, vikavu hivyo hivyo.

Mtu pekee aliyemkanya alikuwa mzee wa bendera. Huyu alisimama chini na kumwongoza dereva kwa ishara na kwa redio ya mkononi.

"Mwanangu, shuka ulowanishe koo," alimwambia mara kwa mara.

"Mzee wangu, nikishuka, nani atanyanyua?" alijibu Hashuki, na wote wawili wakacheka.

Sasa, wiki ninayoisimulia haikuwa wiki ya kawaida. Jengo lilikuwa limekwisha, ila lilibaki jambo moja. Jumatatu iliyofuata tangi kubwa la chuma, tani nne, lingepandishwa juu ya paa, na huo ndio uliokuwa mzigo wa mwisho wa kazi ya miezi kumi na moja. Mtaa mzima ungekuja kutazama. Mama yake Hashuki, fundi cherehani, hakushona nguo ya mteja hata mmoja bila kumwalika. Hashuki mwenyewe alikuwa haishi kuliota tangi hilo. Alilitaka kwa moyo wake wote, kama mtu aliyelima shamba anavyotaka kuvuna kwa mkono wake.

Tatizo, cheti chake cha afya kilikuwa kinaisha. Jumatatu ya wiki hiyo, alipotoka kazini, alipita zahanati akatolewa damu. Jumanne mchana akaitwa.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti lakini si mtu wa kuchezewa. Aliiweka karatasi mezani.

"Sukari yako ni nzuri, na damu unayo ya kutosha. Lakini hapa kuna namba mbili sizipendi. Hii ni ya kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli. Hii ni ya urea, nayo ni taka. Figo ndizo zinazozifagia zote mbili. Kwako zimepanda, na urea imepanda kupita mwenzake. Siwezi kutia sahihi."

Hashuki, ambaye hakuwahi kuogopa kuning'inia angani, aliivuta karatasi karibu. "Figo zangu zimekufa?"

"Nani kakwambia zimekufa? Namba ya siku moja haimhukumu mtu. Figo mbovu hupandisha namba hizi, na figo nzima zilizokosa maji nazo hupandisha. Kazi yetu ni kujua zako ni zipi. Jana, kabla ya kutolewa damu, ulikuwa umekunywa nini?"

"Chai."

"Saa ngapi?"

"Alfajiri."

Daktari alimtazama juu ya miwani. "Na mkojo wako una rangi gani?"

Hashuki aliangalia dari. "Kama hiyo hiyo chai, daktari."

Hashuki alipofika kwenye habari ya vidonge, daktari aliweka kalamu chini. Alimweleza kwamba mwili ukikauka, damu inayofika kwenye figo hupungua, na vidonge vya aina ile huzidi kuibana. Akampima mkojo papo hapo. Haukuwa na protini wala damu, na hiyo ilikuwa habari njema, ingawa haikutosha.

"Vidonge acha leo. Pumzika kazi. Kunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima, na siku ya kuamkia kipimo usijaze sahani kwa nyama, maana nayo hupandisha kreatinini. Ijumaa turudie."

"Ijumaa ni mbali, daktari. Nipime kesho."

"Kesho ni mapema."

Kwa nyapara nako hakukuwa na faraja. "Bila cheti hupandi," alisema, safari hii bila kumwita chuma. "Nimeshampigia dereva wa akiba. Jumamosi saa sita mchana nisipokiona cheti mkononi, tangi ni lake."

Hashuki alifika nyumbani damu ikimchemka. Alipiga hesabu kama mtu wa mitambo: tangi la mafuta likiwa tupu, lijaze, safari iendelee. Akaketi jikoni na jagi, akaanza kunywa. Jagi la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Alidhani kesho asubuhi atamwendea daktari akiwa ameoshwa ndani, namba zikiwa zimelala chini zenyewe.

"Mwanangu, kuna moto tumboni unauzima?" mama yake aliuliza kutoka kwenye cherehani.

Saa moja haikupita. Kichwa kilianza kumgonga, mikono ikatetemeka, akatapika mpaka akaishikilia meza. Mama aliacha gauni la watu chini ya sindano, akamshika mkono, wakarudi zahanati mbio.

"Maji nayo yana kipimo," daktari alimwambia alipotulia kitandani. "Ukiyafakamia hivyo, chumvi ya damu inazimuliwa, na ubongo ndio unaoumia. Watu huanguka kifafa kwa jambo hili. Figo hazijui kwamba wewe una haraka."

Hashuki aliona haya, akajifunika shuka hadi kidevuni. Mama yake ndiye aliyeuliza swali la maana: kidogo kidogo ni kiasi gani? Daktari akasema mtu mzima kama yeye, mwenye kazi ya juani, aanze na lita tatu hivi, azigawe kwa saa za kutwa, aache rangi ya mkojo imwongoze. Akaongeza kwamba mwenye figo zilizokwisha kuharibika, au moyo mgonjwa, hupangiwa kiasi chake na asiige cha jirani.

Asubuhi yake fundi cherehani alichukua chupa ya lita moja na nusu, akaifunga nyuzi za rangi, moja chini ya nyingine. Uzi mwekundu ulikuwa wa saa tatu, wa kijani saa tano, wa manjano saa saba. Ikiisha, ijazwe tena.

"Ikifika saa ya uzi, maji yawe yamefika kwenye uzi," alisema. "Yasizidi, yasipungue. Nguo haishonwi kwa mshono mmoja."

Siku tatu hizo zilikuwa ndefu kuliko miezi kumi na moja. Hashuki alikaa dirishani, akiitazama kreni yake ikichungulia juu ya mapaa, akinywa kwa nyuzi. Alhamisi maumivu ya kichwa yalikuwa yamekwenda zake. Alipokwenda chooni aliona rangi ambayo alikuwa ameisahau, akamwita mama yake amsimulie, na mama akamwambia habari nyingine mtu huwa anabaki nazo.

Ijumaa alitolewa damu. Jumamosi alikuwa kwenye benchi la zahanati tangu saa mbili. Saa tatu, kimya. Saa nne, maabara haijaleta. Saa tano, moyo ulikuwa unampiga mpaka aliona aibu kwamba wenzake kwenye benchi wanausikia. Alikunywa hadi uzi wa kijani, akangoja. Saa tano na robo mlango ulifunguliwa.

"Njoo uone mwenyewe," daktari alisema, akaziweka karatasi mbili bega kwa bega. Kreatinini ilikuwa imeshuka, imerudi ndani ya mipaka yake. Urea nayo imeshuka. "Zilikuwa zina kiu. Baada ya miezi mitatu turudie, tuwe na hakika. Ukirudia mchezo wako wa kujikausha kila siku, ipo siku hazitarudi."

Akatia sahihi. Hashuki alimkumbatia daktari, miwani ikaenda upande. Saa sita kasoro dakika saba alikuwa mbele ya nyapara, cheti mkononi, jasho likimtoka, furaha imemjaa hadi anashindwa kusema. Nyapara alikisoma, akakisoma tena, akaitia saa yake mfukoni.

Jumatatu ikafika. Watu walijaa nje ya ua, wengine juu ya mapaa ya jirani, na fundi cherehani mbele kabisa na wateja wake. Saa tatu tangi lilifungwa minyororo. Likanyanyuka futi moja, mbili, kumi, na watu wakashangilia. Hapo upepo ukaja. Tangi tupu ni bawa, nalo likaanza kugeuka na kuwaburuza vibarua walioshika kamba. Hashuki hakubishana na upepo. Alilishusha taratibu mpaka likalala chini, vibarua wakalifungua minyororo.

Wakangoja. Saa nne, upepo. Saa tano, upepo. Hashuki alikunywa hadi uzi wa kijani, na muda si mrefu mwili ukamdai haki yake.

"Usitoke kibandani," sauti ya nyapara ilisema redioni. "Upepo ukitulia tu, tunanyanyua. Watu wanatutazama."

Hashuki wa wiki iliyopita angebana, na chupa angeisukuma chini ya kiti. Aliutazama uzi wa manjano, ambao ulikuwa bado unamngoja. Akaifungua breki ili mkono wa kreni uzunguke na upepo, kama sheria inavyotaka dereva akitoka, kisha akaishika redio.

"Mzee wangu, waambie nashuka. Nakwenda chooni."

Redio zote za uwanjani zilisikia. Kibarua mmoja akaweka koleo chini, mwingine akaja, na wote wakasimama kumtazama akiteremka vidato mia mbili na kumi, kimoja kimoja. Alipokanyaga ardhi wakapiga makofi kana kwamba tangi limekwisha kufika.

"Unatuchelewesha mbele ya halaiki," nyapara alisema.

"Mkuu, tangi hili limengoja miezi kumi na moja. Litaningoja nikojoe."

Mzee wa bendera alicheka mpaka akajifuta machozi kwa bendera yake. Hashuki alikwenda nyuma ya ghala, akarudi, akanawa mikono, akapumzika kidogo kivulini, akapanda tena. Hakuna kilichoharibika. Upepo wenyewe ulikuwa bado unavuma.

Ulitulia saa saba kasoro. Minyororo ikafungwa tena, mzee akainua bendera, na tangi likaondoka. Macho ya Hashuki hayakuwa na ukungu, wala mkono wake haukutetemeka. Ghorofa ya nne, ya nane, ya kumi. Juu ya paa mafundi waliyashika masikio ya tangi, akalishusha kwa upole, na vitundu vinne vikaingia kwenye bolti nne kwa mara moja. Mama yake alilia waziwazi, akamwambia kila aliyekuwa karibu kwamba nyuzi zile alifunga yeye.

Kesho yake, kreni ikiteremsha mabaki ya vifaa kutoka juu, saa nne asubuhi nyapara alipuliza filimbi na kuamuru kila mtu aache kazi anywe maji. Akatazama juu kwenye kibanda, akangoja. Ngazi ya chuma ikaanza kulia, kidato baada ya kidato.

"Anashuka," mzee wa bendera alimwambia. "Na tangi lake liko kule juu. Kawia ufike, mkuu."