Kiboko na Salamu za Kakakuona Wanne

"Hadithi inabisha hodi."

"Karibu, mlango u wazi."

"Imekuja na mguu mmoja."

"Wa pili tutaipa sisi."

Nimewasikia wote isipokuwa Faki pale mlangoni, na Faki mwacheni. Huyo mtoto wa dada yangu ana mvi kidevuni, na tangu azaliwe hajaitikia hadithi hata moja, wala hajakosa kuisikiliza hata moja. Nyinyi endeleeni kumenya vitunguu. Arusi ni kesho, na masikio hayazuii mikono kufanya kazi.

Leo sikukusudia kusimulia. Lakini asubuhi mgeni mmoja, mtu mwema tu, alimtazama Faki akaniambia, "Bi Zuwena, huyu ana usonji, eti? Nawajua hao. Mtoto wa jirani yangu yuko hivyo hivyo. Wote ni wamoja." Nikamkaribisha chai. Jibu sikulipata pale pale, na mpaka saa hizi linanikera kooni. Basi nimelitia kwenye hadithi. Humo hamna usonji, maana kakakuona hawaendi hospitali wakapewa jina la jambo lao. Sikilizeni wenyewe.

Hapo kale, jua liliwaka bondeni mpaka mto ukakauka. Kukabaki mchanga mtupu, na katikati ya mchanga bwawa moja. Ndani ya bwawa alikaa Kiboko. Alikuwa na nguvu kuliko wanyama wote wa pale, na alipenda vitu viwili. Alipenda maji yote yawe yake, na alipenda kusalimiwa.

Kila asubuhi Kiboko alitoka majini, pwaa. Akasimama ukingoni. Akasema, "Nisalimieni."

Wanyama wakapanga foleni, Swala, Ngiri, Kanga na wengine. "Shikamoo, Mzee Kiboko." "Marahaba." "Umeamkaje, Mzee Kiboko?" "Salama." Aliyesalimia vizuri alikunywa kidogo. Aliyesalimia vibaya alirudi na kiu yake.

Siku moja Kiboko aliwakusanya akasema, "Naweka sheria. Atakayegusa maji ya bwawa hili kabla salamu hazijakwisha, ahame bonde hili. Awe nani, awe nani. Mmekubali?" Wanyama wakatazama maji, wakatazama meno ya Kiboko. Wakasema wamekubali.

Sasa, karibu na bwawa waliishi kakakuona. Mnamjua kakakuona, yule mwenye magamba mwili mzima, anayekula mchwa, na akiogopa hujikunja akawa mpira. Walikuwa wanne wa tumbo moja, watu wazima wote, pamoja na mama yao. Mama alikuwa mzee na hakuweza tena kutembea. Alilala shimoni, ulimi umemkauka, anangoja maji.

Akaenda wa kwanza, jina lake Kimya. Alisimama ukingoni akayatazama maji. Hakumtazama Kiboko. Shikamoo hakuitoa. Si kwamba alimdharau Kiboko. Ni kwamba macho ya watu yalimchoma, na maneno alipoyahitaji hayakumjia.

"Una kiburi," akasema Kiboko. "Toka hapa." Kimya akajikunja akawa mpira, na Kiboko akamsukuma kwa pua, biringi biringi, mpaka mchangani.

Akaenda wa pili, jina lake Maneno. Huyu alimpenda kila aliyekutana naye. Alimsogelea Kiboko hadi pua zikagusana, akasema, "Mzee, unajua kwamba mchwa wa kichuguu chekundu hawali mti ule wanaokula mchwa wa kichuguu cheusi? Unajua malkia wao anakaa wapi? Ngoja nikuambie." Akamwambia. Akaendelea kumwambia. Shikamoo aliisahau kabisa.

"Huna adabu," akasema Kiboko. "Toka hapa."

Akaenda wa tatu, jina lake Kanuni. Huyu alisalimia sawasawa, kwa mpangilio, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Shikamoo, Mzee Kiboko." Kiboko alikuwa anasinzia. Akajibu, "Mm."

"Mm si jibu la shikamoo," akasema Kanuni. "Jibu lake ni marahaba."

"Unanifundisha mimi?" akasema Kiboko. "Toka hapa."

Akaenda wa nne, dada yao, jina lake Ewaa. Huyu alikuwa mpole wa kupita kiasi. Kila alichoambiwa alijibu ewaa, kwa kuwa aliogopa sana mtu akunje uso. Alisalimia vizuri, na Kiboko akamtazama kwa furaha, kama anayetazama chakula.

"Wewe ndiye mwenye akili kwenu," akasema. "Kiu yenu kubwa, eti?"

"Ewaa."

"Lakini nyinyi kakakuona mnaweza kuvumilia."

"Ewaa."

"Basi mmekubali zamu yenu ya maji niichukue mimi? Mbele ya mashahidi hawa?"

Ndani ya Ewaa lilikuwamo neno hapana. Lilikuwamo kabisa, alilisikia likimpanda kifuani. Lakini njia ya kulitoa ilikuwa nyembamba, na Kiboko alikuwa anasubiri, na wanyama wote walikuwa wanatazama.

"Ewaa," akasema.

Hivyo ndivyo kakakuona walivyopoteza maji. Kiboko akacheka, akamwambia Ewaa, "Kesho uje unipake matope mgongoni. Nimeshawajua nyinyi. Kakakuona ni kakakuona tu, ukimbana anakubali." Ewaa akaenda nyumbani akalia. Hakuna aliyemsuta, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Kiboko alitoka majini, pwaa. Akasimama ukingoni. Akasema, "Nisalimieni." Salamu zikiisha, Ewaa aliteka matope pembezoni mwa bwawa akampaka mgongoni. Kisha alikimbia nyumbani kabla mikono haijakauka, na mama yao akailamba, matope kwa unyevu wake. Hayo ndiyo yalikuwa maji ya mama. Kila siku ulimi wake ulikuwa mzito zaidi, na siku moja hakuweza kuutoa nje. Ewaa alimwekea kidole mdomoni, akajua kwamba matope hayatatosha tena.

Ila kwa kupaka matope Ewaa alijua jambo ambalo mwingine hakulijua. Ngozi ya Kiboko, ile nene ya kutisha, haistahimili jua. Matope yakikauka, ngozi inapasuka, ta, ta, ta.

Na alijua jambo la pili. Tangu asukumwe, Kimya hakuonekana mchana kutwa. Wanyama walisema amesusa, wengine wakasema akili zimemruka. Lakini Ewaa alisikia, kutoka ng'ambo ya bwawa, kwenye mchanga mkavu wa mto, sauti ndogo. Kwaru, kwaru, kwaru. Ilinyamaza, ikarudi. Kwaru, kwaru, kwaru. Hakwenda kumuuliza. Alimjua kaka yake, ukimuuliza anaacha.

Jioni hiyo alimwendea Kanuni. "Kaka, kesho kamsalimie Kiboko upya, kama inavyotakiwa hasa. Usimruke mtu wa ukoo wake."

"Hiyo ndiyo salamu sahihi," akasema Kanuni. "Watu siku hizi wanafupisha."

Akamwendea Maneno. "Kaka, Kiboko anatamani sana kusikia habari za mchwa, ila anaona haya kukuambia."

Huo ndio uongo pekee katika hadithi hii, nao ulimfanya Maneno asipate usingizi kwa furaha.

Asubuhi Kiboko akatoka majini, pwaa. Akasimama ukingoni. Akasema, "Nisalimieni."

Kanuni akaja mbele. "Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba."

"Baba yako hajambo?"

"Hajambo."

"Baba yako alikufa kiangazi kile cha nzige. Hawezi kuwa hajambo. Nitarudia. Shikamoo, Mzee Kiboko."

Wanyama wakainamisha vichwa wasionekane wanacheka. Kanuni hakucheka, maana kwake halikuwa jambo la kuchekesha. Aliuliza habari za babu, za mashangazi, za baba wadogo, za shemeji walioolewa mito ya mbali. Kiboko akijibu ovyo, Kanuni alirudi mwanzo. Jua likapanda. Matope ya jana mgongoni kwa Kiboko yakageuka vumbi.

"Ewaa," akasema Kiboko, "nipake matope."

"Ewaa," akasema Ewaa. "Salamu zikiisha. Matope yamo majini, na salamu hazijakwisha."

Kiboko akataka kukasirika, lakini sheria ilikuwa yake. Kanuni akamaliza upande wa baba. Akasema atapumzika kidogo kabla ya upande wa mama, na hapo Maneno akaja mbio, macho yanamng'aa.

"Shikamoo, Mzee Kiboko, nimeambiwa kila kitu, usione haya," akasema. Akasogea pua kwa pua. Akaanza na mayai ya mchwa. Akaja kwenye mabawa ya kumbikumbi. Akaeleza kichuguu kinavyopitisha upepo ndani kwa ndani, na alipoeleza sauti yake ilitetemeka kwa mapenzi. Msidhani alikuwa anamtesa Kiboko. Maishani mwake kote hakupata msikilizaji aliyesimama muda mrefu namna ile.

Ta, ngozi ikapasuka begani. Ta, ta, mgongoni. Kiboko akahema. Akatazama maji yaliyokuwa nyuma ya kisigino chake, baridi, yametulia tuli.

Akaona ajaribu njia anayoijua. Akamgeukia Ewaa, akalainisha sauti. "Binti yangu, wewe ndiye mwenye akili kwenu. Waambie wanyama. Salamu zimekwisha, sivyo?"

Swala akaacha kupunga mkia. Wote walijua jibu litakalotoka, walishalisikia mara nyingi. Ewaa akaangalia miguu yake. Akamfikiria mama yao na ule ulimi. Neno likampanda kifuani, likafika pale pembamba, likakwama, na safari hii hakulimeza.

"Hapana," akasema.

Lilikuwa dogo, halikufika hata mwisho wa foleni. Ewaa akatetemeka mwili mzima mpaka magamba yakalia. Kisha akalisema tena ili wa nyuma wasikie.

Kiboko alipoinua macho kutoka kwa Ewaa ndipo akaona, ng'ambo ya bwawa, mtu akitoka ardhini. Alikuwa Kimya. Mchangani alikuwa amechimba shimo refu la kwenda chini, na chini alikutana na maji yaliyojificha. Alijikunja ndani yake, na sasa alipanda taratibu, kila gamba limeshika tone. Hakumtazama mtu. Alishika njia ya kwenda kwa mama yake.

"Mwizi," akanguruma Kiboko. "Maji yangu. Anachukua maji yangu bila salamu."

Na kwa uchungu wa kuona maji mgongoni kwa mwingine, alisahau. Akamfuata kwa njia ya mkato. Chubwi, katikati ya bwawa.

Alipofika kati akasikia bonde zima limenyamaza. Akasimama, maji yamemfika tumboni.

Kanuni akasema kwa sauti yake ile ile, isiyopanda wala kushuka, "Kimya hakugusa bwawa. Shimo si bwawa. Wewe umegusa bwawa, na upande wa mama yako sijaumaliza."

Kiboko akawatazama wanyama mmoja mmoja. Zamani wangeinamisha macho. Siku hiyo hakuna aliyeinamisha, maana hata aliyekuwa mwoga kuliko wote alikwisha kusema hapana. Akazama mpaka puani, akakaa hivyo mpaka jua lilipopoa. Kisha akatoka, pwaa, akashika njia ya ziwa kubwa. Hakuna aliyemuaga. Maneno peke yake alimsindikiza mpaka mwisho wa bonde, maana alikuwa hajafika kwenye habari za malkia.

Shimoni, Kimya alijilaza kando ya mama yake. Mama alilamba gamba moja. Akapumzika. Akalamba la pili. Alilamba polepole mpaka ulimi ukalainika, ukaweza kusema.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Na Kimya, ambaye hakuwa ametoa shikamoo yoyote, akasogeza ubavu ule wenye maji mengi zaidi.

Mngedhani wanyama walijifunza. Kesho yake walikuja wote kushukuru. Walisema, kumbe kakakuona ni wapenda salamu na mazungumzo. Wakamzunguka Kimya, wakamsalimia kwa zamu mpaka akajikunja akawa mpira. Wakamwambia Kanuni utani wa kumpendeza, akauliza ni kweli au si kweli. Kwa Ewaa walipeleka ombi hili na lile, na Ewaa akakaa siku nzima akitafuta lile neno, kwani halikuwa limekuwa jepesi. Halikuwa jepesi kamwe, tusidanganyane.

Sasa funzo, kwa kuwa mgeni wetu wa asubuhi bado yupo nami nampenda. Funzo la hadithi hii ni kwamba ukishamjua kakakuona mmoja, umewajua wote. Kiboko alijua hivyo, na ndiyo maana mpaka leo anaishi vizuri sana, mbali na kwao.

"Hadithi inaaga."

"Na iende, mlango u wazi."

"Iende na miguu mingapi?"

"Miwili, mmoja wetu."

Vizuri. Sauti imenikauka, nani ataniletea maji, nani...

Aa. Kopo lipo hapa mbele yangu, limejaa mpaka juu, na pale mlangoni Faki ameshakaa tena. Nani kati yenu alimwona akiinuka?

Marahaba, mwanangu.