Nyuzi Kwanza, Jasho Baadaye

Fundi cherehani mmoja wa kule milimani kwetu alifariki akaacha wana wawili na magitaa mawili. Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa kugawa vitu vyake, na kwa desturi mkubwa alichagua kwanza. Lugano, ndiye mkubwa, akachukua gitaa la solo, lile jepesi lenye nyuzi sita na sauti ya kupaa. Mdogo wake Ambakisye akabaki na besi. Ilikuwa nzito kama mtoto aliyesinzia begani, nyuzi zake nne tu, nene, na sauti yake ilikaa chini kabisa ya wimbo, mahali ambapo watu hawaendi kutafuta kitu.

Pamoja na besi alirithi agizo. Baba yao ndiye aliyemfundisha kuipiga, na kila siku alimwambia neno moja: ukimaliza kupiga, kausha nyuzi kwanza, halafu ndipo ufute jasho lako. Jasho la mkono hula chuma. Ambakisye alilishika agizo hilo. Ndani ya mfuko wa gitaa aliweka kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye cherehani ya marehemu, na baada ya ibada ungemwona amesimama, maji yanamtiririka usoni, anapangusa uzi mmoja mmoja toka juu hadi chini.

Nyuzi mpya za besi hazikupatikana huku kwetu. Kwa hiyo kila baada ya miezi michache alizifungua zote nne, akazikunja, akazichemsha kwenye sufuria ili uchafu utoke na sauti irudi. Mkewe alisimama mlangoni akamtania, "Baba Sekela, supu ya chuma tunaila na ugali au na ndizi?" Siku zile Ambakisye alikuwa bado anacheka.

Lakini mtu huyu alitaka jambo moja, na msimwone mpumbavu, maana hata ninyi mnalitaka. Alitaka asikike. Miaka kumi na mmoja alipiga besi kwenye kwaya na kwenye harusi za vijiji vyote vya jirani, na miaka kumi na mmoja watu walimpita wakaenda kumshika Lugano mkono. Kwenye harusi moja mshereheshaji aliwataja wanamuziki kwa majina, akamtaja mpiga ngoma, akamtaja mpiga kinanda, akamtaja hata aliyebeba nyaya, mpiga besi akamruka. Kwenye nyingine mgeni mmoja wa heshima alimwuliza kwa upole yeye anaimba sauti ya ngapi. Alikuwa na besi shingoni wakati anaulizwa.

Na palikuwa na mama yao, Mama Tusajigwe. Zamani alikuwa mwimbaji, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani kabla ya magitaa kuja. Mwaka mmoja homa kali ilimlaza, akapewa kwinini nyingi akapona, lakini masikio hayakupona. Tangu hapo hakusikia jogoo, wala mvua, wala jina lake. Hata hivyo hakukosa ibada. Alifika mapema kabla ya wazee wa kanisa, akakaa mwisho wa benchi la mbele, pale mbao za benchi zinapogusana na spika kubwa, akavua viatu, akaweka kiganja juu ya ubao, akatulia. Watu walisema miguu inamsumbua. Ambakisye alijua, au alidhani anajua, kwamba mama anakaa pale ili aone vizuri vidole vya Lugano. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Moyo wake ukaanza kupoa. Akafuta jasho lake kwanza, kisha akasahau nyuzi. Sufuria ikarudi kupika maharage. Kutu ikaota kwenye uzi mnene wa juu, na hakuna mtu aliyemwuliza. Ndipo akaingiwa na wazo ambalo lingeweza kumjia mpiga besi peke yake. Akasema moyoni: nitasimama mbele yao nisipige, nione ni nani atakayejua. Asipojua hata mmoja, nitaitundika besi ukutani na sitaishika tena.

Alichagua Sikukuu ya Mavuno. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mikungu ya ndizi ililala mbele ya madhabahu, magunia ya viazi, kuku waliofungwa miguu. Kwaya ilipoinuka, Ambakisye alivaa mkanda begani, akazungusha kitufe cha sauti cha besi mpaka sauti ikafa kabisa. Kisha akapiga. Vidole vyake vilikwenda na kurudi, mguu wake ulihesabu, kichwa kiliitikia, na hakuna kilichotoka.

Nyimbo nne ziliimbwa hivyo. Lugano alipiga solo siku hiyo kama mtu aliyekunjuliwa mbawa. Akina mama walipiga vigelegele, mchungaji alifumba macho, watu walicheza wakimsogelea Mungu na kuku wao mikononi. Hakuna aliyegeuka. Wimbo wa nne ulipokwisha, Lugano alimwinamia mdogo wake, jasho linamtoka, akamwambia kwa furaha ya kweli, "Mdogo wangu, leo umepiga vizuri kuliko siku zote."

Ambakisye akajibu, "Asante, kaka." Na moyoni alikuwa amekwisha kuitundika besi ukutani.

Wakati huo hakuwa amemtazama mama yake. Kama angemtazama, angeona kwamba katika wimbo wa kwanza aliinua kiganja chake kutoka kwenye benchi, akakiangalia, akakipangusa kwenye kitenge, akakirudisha. Katika wa pili aliinama akagusa sakafu. Katika wa tatu aliweka mikono yote miwili kwenye spika, akabandika na shavu lake, na jirani yake akamvuta kwa aibu akae sawasawa. Katika wa nne alikaa na mikono mapajani, machozi yanamshuka, akiwatazama waimbaji wakifungua na kufumba vinywa.

Kwaya ilikaa. Mchungaji akafungua Kitabu, kanisa likanyamaza kusubiri neno. Ndipo Mama Tusajigwe akasimama bila viatu, akasema kwa sauti kubwa, maana asiyesikia hawezi kuipima sauti yake:

"Wanangu, mbona leo hamkuimba?"

Hakuna aliyecheka. Watu walitazamana. Waimbaji walikuwa na koo zilizokauka kwa kuimba. Lugano alitazama vidole vyake, kisha mama yake, hakuelewa. Mtu mmoja tu katika kanisa lile aliielewa kauli ile. Kwamba miaka yote ile mama hakuwa amekuja kutazama vidole vya mtu. Kwamba kwaya nzima, na vigelegele, na solo, na kinanda, vyote kwake vilikuwa vinywa vinavyofunguka bure. Kilichomfikia ni kile tu kilichopita chini, kwenye ubao, kwenye nyayo, na kupanda mifupani. Wimbo wake wote ulikuwa umeshikwa na mkono mmoja, na asubuhi ile mkono huo ulikuwa umeuzima ili uone kama kuna atakayejua.

Ambakisye alisimama bila kuitwa. Alizungusha kitufe mpaka mwisho wa upande wa pili, akaupiga ule uzi mnene wenye kutu. Ulikwaruza, haukuwa safi, lakini benchi la mbele lilitetemeka. Mama akaketi polepole, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege. Akaweka kiganja juu ya ubao. Ambakisye akaendelea peke yake, taratibu, na mama akaupokea mstari mzima, akiitikia kwa kichwa.

Kisha akaimba. Alianzisha wimbo wa zamani, ule aliokuwa akiuanzisha kabla ya homa. Sauti yake ilikuwa imepotea njia, ilipanda pasipopandwa na kushuka pasipo ngazi, lakini hakukosa pigo hata moja. Alitembea na besi hatua kwa hatua, toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na watu mia tatu na kuku wao hawakutoa sauti. Mimi nilikuwa dirishani, nimesimama juu ya jiwe. Nimehubiri miaka mingi tangu siku ile na sijaogopa vile tena, hofu ile njema, ya mtu aliyeona kwamba mahali alipodhani hapana kitu pana mtu anakaa, na alikuwapo pale siku zote.

Wimbo ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi, wala aliyemkimbilia Ambakisye kumshika mkono, naye hakungoja. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na machozi, huwezi kuvitenganisha. Akauvuta mfuko wa gitaa, akatafuta kile kitambaa cha baba yake, akakausha nyuzi zote nne, uzi mmoja mmoja, toka juu hadi chini. Alipomaliza ndipo akafuta macho.

Na wewe uliyezima sauti yako ili uone kama kuna atakayejua, umewahi kumtazama aliyeweka kiganja chake kwenye benchi?